Mrejesho: ekzosi ya kelele kwenye Boxer

Ndugu zangu, niliuliza kama ekzosi ya wazi na kale kadude ka kurekebisha mafuta vitaipa pikipiki yangu ya Boxer nguvu. Kadude sikununua. Fundi wangu hapa Kondele, Kisumu, alicheka, akasema hako ni ka pikipiki za injeksheni, zinazopuliza petroli kwa kompyuta; yangu ni ya kabureta, haina kompyuta hiyo.

Ekzosi nilifunga. Kelele tele! Lakini kupanda mlima wa Riat na abiria ikawa nzito kuliko zamani, na ukiachia mkono wa mafuta inalipuka pa! pa! Kufungua plagi, nyeupe pe: hewa nyingi, petroli kidogo. Tukaweka jeti kubwa zaidi (kale katundu ka kupitisha petroli ndani ya kabureta), milio ikapungua, ila petroli ikawa inaisha haraka. Jana nimerudisha ekzosi ya kiwandani na jeti yake. Ile nyingine inauzwa, mwenye masikio magumu aje.