Mrejesho: bega la fundi cherehani lililogoma kuzunguka nje

Wenzangu wa tiba ya viungo, asanteni. Niliuliza kuhusu fundi cherehani wa Gikomba, mwenye kisukari, ambaye bega lake halipandi licha ya wiki 6 za mazoezi ya kuvuta utepe wa mpira. Mlinielekeza nipime upya, na kosa lilikuwa hapo.

Kiwiko kikigusa mbavu, kimekunjwa nyuzi 90, nilimzungushia mkono nje yeye akiwa amelegeza misuli. Uligota kwenye nyuzi 15. Upande wenye afya ulifika 60. Ingekuwa kano tu zimechoka, mkono wangu kwa kawaida ungepita pale anaposhindwa yeye. Hapa tuligota wote wawili: bega limeganda, yaani mfuko unaozunguka kiungo umekaza. Eksirei ilikuwa lazima, maana bega lililoteguka kwa nyuma nalo huzuia mzunguko huohuo. Imetoka safi.

Mpira tumeuweka kando. Sasa anasukuma mkono nje kwa mti wa ufagio, polepole, anashikilia sekunde 30, mara 5, asubuhi na jioni. Taulo iliyokunjwa hukaa kati ya kiwiko na mbavu. Bila hiyo kiwiko hukimbia na bega halivutiki. Maumivu yasipite 4 kati ya 10. Yakimwamsha usiku, tunapunguza. Baada ya wiki 4: nyuzi 30. Sindano ya steroidi anaijadili na daktari wake, kwa kuwa hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Kuhusu pointi za mafunzo tunazohitaji ili kuhuisha leseni zetu za kazi: tafuteni kozi ya kupimana kwa mikono. Slaidi hazifundishi vidole kuhisi kiungo kinapogota.