Naomba ushauri: lenzi gani nibebe Disneyland Paris?

Jambo wandugu. Niko Lubumbashi, mwezi wa saba naenda Ufaransa kwa yaya yangu (ndugu yangu mkubwa), na watoto wake wameshaamua: ni Disneyland Paris. Nina kamera ya Canon 250D na lenzi tatu: 18-55 ya kawaida, 55-250 ndefu ya kuvuta vya mbali, na 50mm f/1.8 isiyovuta (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inapokea mwanga zaidi). Kuzibeba zote kutwa nzima, hapana. Nilifanya hivyo kwenye ndoa moja komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, shingo ikaniuma siku mbili. Mchana 18-55 inatosha. Shida ni usiku, ngome ya Disneyland ikiwashwa taa: 50mm inapokea mwanga vizuri, ila kwenye kamera hii, yenye sensa ndogo, picha inabana kama ya lenzi ya 80mm, ngome haiingii yote labda nirudi nyuma sana, na nyuma kumejaa watu. Ninunue 24mm f/2.8, inayochukua upana zaidi? Na ile ndefu, kwa gwaride, ina kazi kweli au niiache kwa yaya?