Kwa nini wahusika wa tamthilia zetu wanaelezana mambo wanayoyajua tayari?

Mtazamaji wa Makole

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kuhusu uandishi wa tamthilia zinazorushwa sasa katika vituo vyetu vya televisheni. Sizungumzii picha wala sauti, kwa sababu huko tumepiga hatua ambayo mtu aliyeziona tamthilia za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawezi kuikana: taa zinapendeza, kamera zinatulia, na waigizaji wengi wanaijua kazi yao. Nazungumzia maneno wanayopewa kuyasema.

Chukueni onyesho la aina hii, ambalo naamini kila mmoja wetu amewahi kuliona kwa sura moja au nyingine. Dada wawili wameketi sebuleni, na mkubwa anamwambia mdogo wake: "Kama unavyojua, tangu baba yetu afariki miaka mitatu iliyopita na kutuachia nyumba hii, baba mdogo amekuwa akitaka kutudhulumu." Mdogo anajua kwamba baba amefariki, anajua alifariki lini, anajua nyumba ni ya nani, na huyo baba mdogo ni wake pia. Maneno yale hayakukusudiwa yeye. Yamekusudiwa mimi niliyejilaza kwenye kochi hapa Makole, kwa kuwa mwandishi haniamini kwamba naweza kuunganisha mambo mwenyewe. Ingetosha kabisa kumwonyesha yule mdogo akirudi nyumbani jioni na mfuko wa nyanya mkononi, anaingiza ufunguo, ufunguo haugeuki, na dirishani anamwona mke wa baba mdogo akikunja mapazia. Baada ya hapo asingehitaji kusema neno lolote.

Kuna na suala la mji wetu. Katika tamthilia nyingi nilizofuatilia, Dodoma ni mahali anapotupwa mhusika asiyehitajika tena: tunaambiwa kwamba amehamishiwa Dodoma, na hatumsikii mpaka msimu unakwisha. Mgogo naye, akibahatika kuonekana, ni mlinzi wa geti mwenye lafudhi ya kuchekesha. Wakati huohuo, tangu Rais Magufuli alipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba Serikali inahamia huku kweli (jambo lililoamuliwa tangu 1973), tunaishi na watumishi walioacha wenzi na watoto Dar es Salaam, wakaanza maisha ya nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Tangu treni ya SGR ianze safari zake mwaka 2024, ukisimama stesheni Ijumaa jioni utaona ndoa za kila namna zikipanda mabehewa. Katika tamthilia zote ninazozifuatilia, sijaona hata moja iliyoshuka pale.

Swali langu basi ni hili: je, udhaifu huu unatoka kwa waandishi, kwa watayarishaji, au kwetu sisi tunaoendelea kulipia vifurushi?

Kalamu ya Ipagala

Ndugu Mtazamaji, nimewahi kuwa miongoni mwa waandishi wa tamthilia mbili, ambazo hutanisikia nikizitaja, na ningependa kukueleza namna sentensi kama ile ya "kama unavyojua" inavyozaliwa, kwa sababu mara nyingi haikuwamo katika muswada wa kwanza.

Tamthilia ya kila siku hairekodiwi kwa mfuatano unaouona nyumbani. Nyumba ya kurekodia hukodiwa kwa siku, kwa hiyo maonyesho yote ya sebule ile, ya sehemu ya nne, ya tisa na ya kumi na mbili, hurekodiwa siku moja ili fedha ya pango isipotee. Sasa fikiria kwamba jioni ya kuamkia siku hiyo unapigiwa simu na kuambiwa kwamba mwigizaji fulani hatafika, au kwamba gari lililotakiwa kuonekana halijapatikana. Onyesho la kitasa unalolipendekeza linahitaji mlango wa nje, mapazia, mwigizaji wa ziada na mwanga wa jioni, na vyote hivyo vinaweza kukosekana kwa pamoja. Unachoweza kufanya usiku huo ni kuchukua kitendo na kukigeuza kuwa taarifa: badala ya mtu kufungiwa nje, mtu anaketi na kusimulia kwamba kuna mtu amefungiwa nje. Msimulizi anahitaji msikilizaji, na msikilizaji anayepatikana ni dada yake, ambaye anajua kila kitu. Ndivyo dada anavyoelezwa kifo cha baba yake mwenyewe.

Hilo la kuhamishiwa Dodoma limenichekesha, kwa kuwa sababu yake ni ileile. Ukimwua mhusika unahitaji msiba, na msiba unahitaji maturubai, viti, masufuria na watu wa kulia. Barua ya uhamisho haigharimu chochote.

Mahali ambapo kazi hii imepangwa vizuri, Afrika Kusini kwa mfano, kuna timu inayojenga kisa cha wiki nzima, wapo wengine wanaoandika mazungumzo kwa kufuata kisa hicho, halafu yupo mhariri wa muswada anayesoma vyote ili mhusika wa Jumatatu asizungumze kama mtu mwingine ifikapo Alhamisi. Katika kazi nilizoshiriki, mhariri huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondolewa bajeti ilipobana, na sisi tuliobaki tulilipwa kwa idadi ya sehemu. Anayelipwa kwa idadi ya sehemu hana sababu ya kukimaliza kisa katika sehemu tatu iwapo anaweza kukivuta hadi saba. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba tatizo limo katika namna kazi inavyonunuliwa, kabla hata hatujamgusa mwandishi na kipaji chake.

Mwalimu Mstaafu, Kongwa

Nimefurahi kuona mjadala wenye adabu. Naomba niwarudishe nyuma kidogo, redioni, kwa sababu nadhani tabia hii ni ya zamani kuliko visimbuzi.

Wengi mtakuwa mnaukumbuka mchezo wa Twende na Wakati ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Sisi wa mkoa wa Dodoma tulicheleweshwa kuupata hadi 1995, na sababu yake wengi hawaijui: kituo cha hapa kilikuwa kikirusha vipindi vyake katika muda ule, na watafiti wakaufanya mkoa wetu kuwa wa kulinganishia, ili waone tofauti kati ya waliousikia na ambao hawakuusikia. Mchezo ule ulikuwa wa mafunzo waziwazi, juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI, na uliandikwa kwa kufuata utaratibu wa Miguel Sabido wa Mexico, ambao unataka kuwe na mhusika mwema, mhusika mbaya, na wa katikati anayeyumba. Kwa maelezo hayo mtu angetarajia mahubiri matupu. Hata hivyo, alipokuja Mkwaju, dereva wa lori mwenye pombe yake na mwanamke katika kila kituo, sisi tunaoishi karibu na Kibaigwa, ambako malori hulala yakisubiri mahindi, tulimtambua kabla hajamaliza kusalimia. Watu walibishana juu yake kisimani kana kwamba ni jirani, wakamwonea huruma mkewe Tunu, na sikumbuki mtu akisema kwamba amefundishwa.

Nadhani tofauti iko hapo. Mkwaju alipewa tamaa kwanza, na funzo likaja nyuma yake kama matokeo. Wahusika wengi wa sasa wanapewa funzo kwanza, kisha wanatafutiwa jina na gauni.

Nina dhana moja ambayo naitoa kwa tahadhari. Mkoa huu ndio uliomtoa Mathias Mnyampala (1917–1969), aliyeipa nchi hii ngonjera. Mnakumbuka muundo wake: mmoja amepotoka, mwingine anamweleza, aliyepotoka anabisha kidogo, kisha anakubali na kushukuru. Nimewafundisha watoto kuzighani kwa miaka mingi na ninazipenda, kwa kuwa jukwaani hakuna anayedanganywa. Kila msikilizaji anajua mwishowe ni makubaliano. Lakini nikitazama mama mkwe na mkaza mwana wakigombana kwenye runinga kwa dakika nne, halafu mmoja akasema "sasa nimeelewa, mama", najiuliza kama waandishi wetu hawakutoka shuleni na ngonjera masikioni bila kujua kwamba wanaiandika.

Kijana wa Kizota

Shikamoo Mwalimu. Nawaheshimu wote mliotangulia, lakini naona mnamhukumu mtazamaji ambaye si yule anayetazama.

Mama yangu hatazami tamthilia, anaisikiliza. Saa mbili usiku yuko jikoni anasonga ugali, runinga iko sebuleni, na sauti imefunguliwa hadi mwisho. Onyesho lenu la kitasa, lenye ukimya na mapazia, kwake ni dakika nzima ya kutojua kinachoendelea. Ataniita niende kumweleza, na hapo mimi ndiye nitakayekuwa yule dada wa "kama unavyojua". Zaidi ya hayo, umeme ukikatika anakosa sehemu nzima, na asipokumbushwa siku inayofuata anaachana na tamthilia hiyo moja kwa moja.

Halafu kuna hizi za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, ambazo watu huzitaja kila wanapotaka kutuonyesha uandishi mzuri. Kule kwao sehemu moja huweza kuzidi saa mbili, na ikiuzwa nje hukatwa vipande vifupi. Ule mtazamo mrefu wa macho kwa macho, huku muziki ukipanda, mnaousifu kuwa ni ukomavu wa mwandishi, mara nyingi ni njia ya kujaza muda tu. Nao wanavuta, ila wanavuta wakiwa wamevaa vizuri.

Kalamu ya Ipagala

Mdogo wangu wa Kizota, hoja ya mama jikoni ni nzito, na kwa kweli kila mtayarishaji niliyefanya naye kazi alikuwa na mama wa namna hiyo kichwani. Sikatai kurudia habari. Ninachokataa ni kuirudia bila mtu kupata wala kupoteza chochote kwa kuirudia.

Ipo njia ambayo haiongezi hata shilingi. Badala ya dada kumweleza dada yake, mwache baba mdogo aende kwa mjumbe wa nyumba kumi na kueleza kisa chote kwa namna inayomfaa yeye: kwamba marehemu alimwachia nyumba kwa mdomo, kwamba hawa mabinti wameolewa na hawana shida, kwamba kitasa kilibadilishwa kwa sababu ya wezi. Ni watu wawili, kiti na meza, na sauti inafika jikoni bila taabu. Mama aliyekosa sehemu ya jana anapata habari zote, na aliyeiona anajua kwamba huyu mzee anadanganya, kwa hiyo anasonya. Mjumbe naye, ambaye hakujua lolote, ana haki ya kuuliza maswali, na swali lake la kwanza linaweza kumtia baba mdogo jasho.

Kijana wa Kizota

Hiyo ya mjumbe naikubali, dada. Mama angesonya mpaka jirani asikie. La umeme bado hamjanijibu.