Tuliokutwa na kisukari ukubwani, tupeane uzoefu: umewezaje kubadili sahani?

Mama wa Tandika
Habari zenu ndugu zangu. Jana nilikuwa msibani. Chakula kilipogawiwa nikamwomba dada anayepakua anipunguzie wali, aniongezee mchicha. Akaniuliza kwa sauti, "Kumbe na wewe unayo?" Jamvi zima likageuka. Nikala wali wote kwa aibu. Baada ya saa mbili nikapima sukari ya damu nyumbani: 14.2.

Nina miaka 47, huu ni mwaka wa pili tangu nigundulike. Siku niliyogundulika, asubuhi kabla ya kula, ilisoma 11.8, na kuanzia 7 tayari unahesabiwa mgonjwa. Natumia vidonge vya sukari vya metformini, natembea, nimepungua kilo 9. Kwangu najiweza. Nikitoka kwenda kwa watu ndipo naanguka. Wenzangu mnafanyaje? Nadharia tumeshapewa kliniki, semeni yaliyowakuta.

Dereva wa Kusini
Pole mama. Mimi nilikutwa Tunduma. Foleni ya mpakani siku nne, jua kali, soda baridi mbili mchana na mbili usiku, na kiu iko palepale. Nakojoa kila nusu saa. Taa za magari nikawa naziona kama zina ukungu, nikasema ni vumbi. Siku ya nne nilijisaidia pembeni ya tairi, nikaenda kunywa chai. Kurudi, sisimizi wamejaa pale pale. Utingo ndiye aliyeniambia, "Bosi, babu yangu alianza hivi hivi." Zahanati mashine ikasoma 23.6.

Soda niliacha siku ile ile. Asubuhi nilikuwa mtu wa supu na chapati tatu, sasa ni supu, mayai mawili ya kuchemsha na nusu chapati. Ndani ya lori nina matango, karanga na maji. Kwenye foleni sikai tena kwenye usukani, nazunguka gari. Mzunguko mmoja na tela lake ni hatua kama 60, nazunguka mpaka dakika ishirini ziishe. Madereva wenzangu walidhani nimerogwa. Kwa miezi minane nimetoka kilo 98 hadi 86, na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kimeshuka kutoka asilimia 11.2 hadi 6.9. Kinachonisumbua mpaka leo ni usingizi. Nikikesha barabarani, asubuhi sukari iko juu hata kama sikula kitu.

Kibibi wa Likoni
Hiyo kiu naijua. Nilikuwa namaliza jagi zima usiku, nikasingizia joto la Mombasa.

Mkulima Makini
Acheni sembe, kuleni dona. Tatizo limekwisha.

Chausiku
Mkulima usipotoshe watu. Nililila dona mwezi mzima, nusu sinia, moyo umetulia kwamba ni chakula cha mgonjwa. Nikapima: 13. Dona lina pumba na kiini, linapandisha polepole, lakini ni ugali vilevile. Sasa ugali wangu ni ukubwa wa ngumi yangu moja, na nusu ya sahani ni matembele au bamia.

Mkulima Makini
Ngumi moja, mtu analima heka mbili? Wewe unakaa ofisini.

Chausiku
Nauza mkaa, ndugu yangu. Magunia nabeba mwenyewe.

Mzee wa Kahawa
Mimi shida iko nyumbani. Mke wangu ananipakulia ugali mkubwa kama zamani, nikirudisha ananuna, anasema nimekula kwingine.

Kibibi wa Likoni
Mzee, umewahi kwenda naye kliniki? Mimi nilimchukua mume wangu siku ya somo la chakula, akasikia kwa masikio yake. Tangu hapo sufuria ni moja, watoto nao wanakula tunachokula. Ukimwachia mkeo akisie, utanuniwa mpaka kesho.

Mzee wa Kahawa
Sijawahi. Nitaenda naye tarehe ijayo.

Ustadh wa Muscat
Assalaam alaykum. Huku ukiingia nyumba ya mtu unawekewa halua na tende kabla hujakaa vizuri. Nimejifunza kuchukua tende moja, naila taratibu na kahawa chungu, mwenyeji anaridhika.

Ila nililotaka kusema ni la Ramadhani. Mwaka wangu wa kwanza wa dawa nilifunga bila kumwambia daktari, na nilikuwa kwenye glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Siku ya sita baada ya alasiri nikatoka jasho la baridi, mikono inatetemeka, nasoma msahafu herufi zinacheza. Mke wangu akanipima: 2.7. Nikabisha kufungua, zimebaki dakika arobaini tu. Akaniingiza tende mdomoni kwa nguvu, Mungu amlipe. Sasa namwona daktari tangu Shaabani, dawa ilibadilishwa. Futari yangu ni tende moja, maji na supu, nasali, ndipo nakula. Tambi za sukari nimeziachia siku ya Idi, kijiko.

Mwana wa Arusha
Mimi nimekata wanga wote. Nyama, parachichi, mboga, basi. Nipo 5.4 kila asubuhi. Fanyeni hivyo.

Nesi Mstaafu
Mwana wa Arusha, hongera, lakini umesoma aliyoandika Ustadh hapo juu? Mwenye glibenklamidi au insulini akikata wanga ghafla bila dozi kupunguzwa, sukari inaweza kumshuka mpaka azimie. Kwanza daktari, halafu sahani.

Tiba Asilia
Nina unga wa mlonge niliochanganya na mizizi mingine. Siku 21 kisukari kinaisha kabisa, vidonge unatupa. Mwenye uhitaji aje faragha.

Nesi Mstaafu
Mlonge ni mboga nzuri, mle na kwa nazi. Lakini kumwambia mtu atupe vidonge, hapana. Nimepokea wodini watu waliokuja wanahema kwa nguvu, hawajitambui, na mfuko wa unga bado uko kwenye kanga ya mama.

Tiba Asilia
Nyie wa hospitali mnataka watu wawe wateja maisha yao yote.

Nesi Mstaafu
Ningetaka wateja nisingeandika haya. Uingereza, utafiti uliotoka 2017 uliwapa watu chakula kidogo mno, kama kalori 800 na kidogo kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa yoyote. Waliopungua kilo 15 na zaidi, asilimia 86. Hawa walikuwa hawajapitisha miaka sita tangu wagundulike, na hawakuwa kwenye insulini. Ni uzito uliotoka, hakuna mzizi hapo. Na hata hao tunasema ugonjwa umetulia, wanaendelea kupima.

Binti wa Tukuyu
Naomba mnivumilie, ni ndefu. La miguu hakuna aliyeligusa.

Baba ana kisukari mwaka wa kumi na moja wakati huo. Chai bila sukari, shamba kila siku, majirani wanamtolea mfano. Alichokuwa hasemi ni ganzi. Juni ya mwaka juzi, mnaijua baridi ya Tukuyu ya Juni, alirudi shambani miguu imepoa. Mama hayupo. Akachemsha maji, akatia chumvi, akamimina kwenye beseni la bluu, akatumbukiza miguu yote miwili akawa anasikiliza taarifa ya habari. Naingia nakuta mvuke unapanda mpaka magotini. Nikachovya kidole, nikakitoa napiga kelele. Baba akanishangaa: "Ni vuguvugu tu, mwanangu." Alipoinua mguu wa kulia, ngozi ya unyayo ilibaki inaning'inia kama soksi iliyovuliwa nusu. Alikuwa anautazama kama mguu wa mtu mwingine.

Wiki saba hospitalini. Vidole viwili vikakatwa, mguu ukanusurika. Kinachoniuma ni kwamba miaka yote ile ya kliniki, alipimwa kidole cha mkono, akapewa dawa, akaondoka. Hakuna aliyewahi kumwambia avue viatu.

Sasa kila jioni namkalisha, tochi ya simu mkononi, naangalia unyayo na katikati ya vidole. Maji ya kuoga napima mimi kwa kiwiko. Viatu tunavikung'uta kabla hajavaa. Juzi kimedondoka kizibo cha soda. Alikuwa amekitembelea tangu asubuhi.

Chausiku
Ee Mungu wangu. Pole dada, na pole kwa mzee.

Dereva wa Kusini
Nimesoma hii nikavua viatu hapa hapa. Kisigino cha kushoto kina mpasuko, naona damu imeganda. Sikuwa na habari nao.

Nesi Mstaafu
Dereva, uoshe, ufunike kwa kitambaa safi, uende ukaonwe leo, usingoje ufike nyumbani. Na wengine wote: mafuta pakeni unyayoni na visigino, katikati ya vidole pabaki pakavu. Sugu msikate kwa wembe. Kandambili msitembelee barabarani. Ukienda kliniki vua viatu mwenyewe kabla hujaulizwa.

Mkulima Makini
Mimi shambani natembea peku miaka yote. Nitanunua buti. Na Chausiku, hiyo ngumi ninaijaribu kuanzia leo, nitaleta vipimo.

Chausiku
Pima kabla ya kula na saa mbili baadaye, uandike kwenye daftari. Karibu.

Mama wa Tandika
Nimewasoma wote. Nimempigia simu yule dada wa msibani, kumbe mama yake naye anayo na hajawahi kumweleza mtu. Tumelia wote kwenye simu. Hitima ni Jumamosi, tumekubaliana tutapakua pamoja, mboga zitangulie mbele ya wali.

Dereva wa Kusini
Nimefika Makambako, kidonda kimesafishwa, nimeambiwa nimewahi. Asubuhi ya leo 7.1. Nesi, hapa siruhusiwi kuzunguka lori siku ngapi?