Kukausha maua pwani ya Mtwara: kubana, mchanga au silika?

Mchoraji wa Shangani (Mtwara Mjini)
Nawasalimu nyote. Ninatakiwa kufanya uamuzi kabla ya mwezi huu wa Agosti kwisha, nami ninaomba ushauri wa watu ambao wamewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yao wenyewe. Ninataka kukausha maua kwa ajili ya kazi ya sanaa, na njia zilizo mbele yangu ni tatu: kuyabana katikati ya kurasa za vitabu vizito, kuyafukia katika mchanga, au kuagiza chembechembe za silika, zile zinazonyonya unyevu, kutoka Dar es Salaam. Nimetenga shilingi 150,000 na sina nyingine. Ipi ni bora?

Fundi Fremu (Lindi)
Karibu, lakini kwa jinsi swali lilivyo hakuna anayeweza kukujibu kwa haki. Hujasema ni maua gani, wala kama unayataka yawe bapa au yabaki na umbo lake. Hujasema pia yatatumika lini na yatakaa wapi baada ya kukauka. Bogenvilia na waridi haviwezi kuwekwa fungu moja. Ile sehemu ya bogenvilia yenye rangi si petali bali ni majani yaliyogeuka rangi, membamba kama karatasi, na hukauka karibu yenyewe, ilhali waridi lina petali zilizopandana na unyevu wake hujificha ndani kabisa, kwenye shina la ua. Tueleze kwanza.

Mkulima wa Newala
Wakati tukisubiri maelezo, ninaongeza njia ya nne ambayo haijatajwa na ambayo haigharimu kitu, nayo ni kuning'iniza. Mimi hufunga vishada vidogo vya maua saba au manane kwa mpira, si kwa uzi, kwa sababu vikonyo husinyaa vinapokauka na uzi hulegea, kisha huvitundika vichwa chini ndani ya ghala la korosho, ambalo kwa sasa ni tupu. Mna giza linalolinda rangi, na mna hewa inayopita na kuondoa unyevu. Kwa wiki mbili au tatu kazi huwa imekwisha, na vile viua vya zambarau vya mviringo, mfano wa vifungo, hubaki na rangi yake kama siku vilipochumwa. Anayenunua silika kabla ya kujaribu kamba na msumari anatupa fedha.

Mama wa Mikindani
Mwanangu wa Newala, usemayo ni kweli kwa ninyi mlio huko juu. Sisi tulio kando ya bahari tuna habari nyingine, na ninaomba mnivumilie niieleze yote, kwa kuwa ilinigharimu.

Mwaka juzi nilikabidhiwa kazi ya kupamba ukumbi wa harusi, na mwenye shughuli alitaka maua makavu tu. Mwezi Agosti, kusi likivuma, niliyaning'iniza mawaridi na majani ya aina mbalimbali katika chumba cha uani. Yalikauka vizuri mno, ukiyashika yanalia mkononi kama makopa. Nikayapanga ndani ya maboksi, nikayafunika kwa kanga, nikayaweka juu ya kabati. Baadaye harusi ikasogezwa kutoka Oktoba hadi Februari, na mimi sikuona tatizo, kwa sababu niliamini kwamba kitu kikikauka kimekauka. Mvua zilianza Desemba. Mwishoni mwa Januari nilishusha maboksi, na kabla sijaondoa kanga nilisikia harufu ya ukungu. Petali zilikuwa laini na zenye madoa ya kijivu, mawaridi mekundu yalikuwa yamegeuka meusi kabisa, na chini ya boksi kulikuwa na unga wa wadudu. Nilirudisha malipo ya awali yote, na kwa siku kadhaa sikuweza kuingia chumba kile. Ua kavu hunywa tena unyevu wa hewa kama chumvi inavyofanya. Kwa hiyo, mwanangu mchoraji, swali la kwanza ni utayatunza wapi masika yote, na njia ya kukaushia ni swali la pili.

Mchoraji wa Shangani
Mama, ahsante sana, na pole kwa yaliyokupata. Ninawaomba radhi kwa kuacha mambo muhimu. Ninatengeneza kadi 60 za mwaliko wa harusi ya mdogo wangu, itakayofanyika Februari, pamoja na fremu nne za ukutani. Maua niliyo nayo ni bogenvilia za rangi tatu, asmini, na vishada vya maua ya mkorosho kutoka shamba la baba, ambayo kwa sasa yamechanua. Mawaridi sina. Nyumba yetu haiko mbali na bahari. Jambo jingine ambalo niliona haya kulisema ni kwamba bado sijajua nitachora nini: vitu ninavyo, lakini picha haijanijia.

Mwalimu Mstaafu (Masasi)
Ikiwa ni kadi, mjadala umekwisha kwa upande wa kadi, maana kadi inataka ua bapa, na ua bapa hupatikana kwa kubana. Chuma saa tatu asubuhi umande ukiwa umeondoka, panga maua yasigusane, uyaweke katikati ya karatasi nyeupe zinazonyonya maji na wala si moja kwa moja juu ya gazeti, kwa sababu wino huhamia kwenye petali. Watu wengi hukosea hapa: karatasi zibadilishwe kila siku kwa siku nne au tano za mwanzo. Anayefunga kitabu na kukisahau hufungua ukungu. Nilifundisha wanafunzi kubana mimea kwa miaka mingi, na njia hii ina ushahidi mkubwa hapa hapa kusini: Mjerumani H. J. Schlieben alikusanya mimea katika eneo la Lindi, hasa karibu na ziwa Lutamba, katika miaka ya 1930, na vielelezo vyake vilivyobanwa vinatumiwa na wataalamu hadi leo.

Ua la mkorosho ni dogo na linabanika vizuri. Asmini utaipoteza, kwa kuwa maua meupe mengi hugeuka kahawia.

Fundi Fremu (Lindi)
Ninakubaliana na mwalimu kuhusu kadi, lakini fremu ni kitu kingine. Fremu yenye kina inapendeza ikiwa na ua lililobaki na umbo lake, na hapo silika haina mpinzani: unalifukia ua ndani ya chombo chenye mfuniko usiopitisha hewa, na kati ya siku tatu na saba limekauka. Silika haitupwi baada ya matumizi, bali hupashwa moto katika oveni kwa nyuzi 120 hivi kwa muda wa saa mbili, ikarudi kama mpya. Epuka ile yenye chembe za bluu, ambayo hutiwa kemikali ya kobalti, nayo ina madhara. Chukua yenye chembe za rangi ya chungwa, na ufunge pua na mdomo unapoimimina, kwa sababu ya vumbi.

Mchanga siupendekezi. Ni mzito, unaponda petali.

Mkulima wa Newala
Unaponda kwa anayeumwaga kwa pupa! Ukiunyunyiza polepole kuanzia pembeni na chini ya petali, haupondi kitu. Tatizo la mchanga wa pwani ni chumvi. Uoshwe kwa maji baridi mara nyingi, ukaangwe kwenye karai mpaka ukauke, uchekechwe, na chombo kiachwe wazi kwa wiki mbili au tatu.

Mchonga Mpingo (Mtwara Vijijini)
Ninyi mmejibu swali moja na kuliacha la pili. Dada amesema picha haijamjia, na mimi ninaamini haitamjia akiwa amekaa mezani akitazama bogenvilia. Kwetu, mchonga vinyago vya mashetani hutazama kwanza gogo lilivyopinda, mahali lilipo na kifundo na mahali lilipooza, ndipo umbo linapomjia. Msanii George Lilanga, mzaliwa wa Masasi, alianza na uchongaji kabla ya kujulikana kwa michoro yake. Dada, panda kivuko uende Msangamkuu, utembee alfajiri bila mkasi wala mfuko. Tazama jinsi maganda ya mkrismasi yanavyojikunja yanapopasuka, na jinsi mwani unavyolala juu ya mchanga maji yakitoka. Vitu hivyo vimekaushwa na jua na upepo, na vimeshajichora vyenyewe.

Mwalimu Mstaafu (Masasi)
Wazo ni zuri, ila atakayevutiwa akafika hadi Msimbati akumbuke kwamba huko ni ndani ya hifadhi ya bahari ya ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kutazama na kuchora ni sawa, kuokota kunahitaji kuuliza. Aidha, sikubali kwamba meza haileti picha. Mwanafunzi anayechora ua moja lililobanwa, mshipa kwa mshipa, huona mambo ambayo mpita njia hayaoni.

Mchonga Mpingo (Mtwara Vijijini)
Mwalimu, kwa heshima zote, ua lililobanwa limeshapoteza namna lilivyosimama mtini, na kusimama huko ndiko ninakokutafuta mimi.

Mama wa Mikindani
Na asmini je? Mnamwambia ataipoteza, lakini asmini katika harusi si ya kutazamwa, ni ya kunusiwa. Tangu bibi zetu, kikuba hufungwa kibichi, asmini, rehani na kilua pamoja, kikavaliwa siku ile ile. Aiache asmini mpaka Februari, amfungie bibi harusi.

Mchoraji wa Shangani
Mama, hilo nimelipokea kwa moyo wote. Kubana nimeanza jana jioni, na leo nimebadilisha karatasi mara ya kwanza. Maua ya mkorosho yana wekundu mwembamba ambao sikuwahi kuuona yakiwa mtini. Kuhusu fremu bado nimegawanyika kati ya silika na mchanga. Msangamkuu nitakwenda Jumamosi. Fundi Fremu, ukiziba fremu zako kwa nyuma, unatumia karatasi ya gundi pekee au kuna kitu kingine kinachozuia unyevu wa masika?

Mkulima wa Newala
Mimi pia ninasubiri jibu hilo.