Barawa ina nafasi gani kiutalii?

Mgeni_wa_Pwani: Wadau, Barawa ya Somalia ina mji wa kale, bahari na wazungumzaji wa Chimwini, lahaja ya Kiswahili ya huko. Nini kinakwamisha utalii?

Nahodha: Usalama kwanza. Al-Shabaab waliondolewa mjini Oktoba 2014, lakini barabara ya Mogadishu, kama kilomita 200, bado ina hatari ya mabomu ya kutegwa. Bima nyingi za kawaida hazilipi pale serikali ya msafiri inapoonya watu wasiende. Bila bima, kampuni gani itapeleka wageni? Kwa bahari, ukipanga, panga Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi. Kusi ikishika, mawimbi hupasuka kwenye miamba na kushuka chomboni ni balaa.

Fundi_Chokaa: Tusisahau nyumba zenyewe, ndizo mtaji. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukipiga plasta ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi husukuma, plasta inabanduka na vipande vya jiwe. Bandua saruji yote, acha ukuta ukauke, kisha piga chokaa iliyolowekwa vizuri na mchanga usio na chumvi, tabaka nyembamba nyembamba. Mchanga wa ufukweni usiuguse! Mafundi wa Lamu wanaijua kazi hii.

Mgeni_wa_Pwani: Shukrani, fundi. Kwa hiyo hoteli baadaye?

Nahodha: Baadaye sana. Anzeni na wazawa walio ughaibuni wanaorudi kuzuru kaburi la Dada Masiti, yule mshairi. Hao wana ndugu wa kuwapokea.