Ushauri: kutembea na mwongozaji kuonja vyakula Salvador (Brazil), na mama mwenye goti bovu

BintiNgamiani:
Wakuu habari za humu. Nina safari ya kikazi Salvador, kule Bahia. Mkutano ni siku tatu, nimejiongezea mbili zangu na namchukua mama. Mama ana miaka 63, amekaanga bajia za kunde Ngamiani, Tanga, tangu sijaanza shule. Nilimwonesha picha ya wanawake wa Bahia wamevaa magauni meupe mapana na vilemba, wanakaanga kitu kinaitwa acarajé barabarani. Tangu siku hiyo swali lake ni moja: "Hizo si bajia zangu?"

Sasa kuna matembezi ya kulipia: kikundi cha watu kumi na wawili, masaa manne kwa miguu mji mkongwe, mnasimama sehemu kama sita kuonja. Shida zangu: goti la mama, na mimi nikila kamba navimba midomo (ndiyo, mtu wa Tanga. Chekeni, mkimaliza mnijibu). Kaka yangu naye anasema ni kutupa hela, chakula kiko barabarani, tununue wenyewe. Kireno hatujui hata cha kuombea maji. Nifanyeje?

BahariaMstaafu:
Dada, goti weka pembeni kwanza, tuongee kamba. Nimefika Salvador na meli mara tatu. Acarajé yenyewe ni kunde zilizolowekwa, zikamenywa maganda, zikasagwa na kitunguu na chumvi, basi. Mama hajakosea. Ila ni kubwa kama ngumi, inakaangwa kwenye mawese, halafu inapasuliwa kama andazi na kujazwa. Hatari iko kwenye kujazwa. Vatapá ni uji mzito wa mkate, nazi, karanga, korosho na kamba wakavu waliosagwa. Huwaoni kwa macho. Caruru ni bamia, na kamba wamo vilevile. Halafu juu wanakurushia kamba wakavu wazima. Abará ndiyo mbaya zaidi kwako: donge la kunde linalopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, na mara nyingi kamba wamechanganywa humo humo.

Kwa hiyo kaka yako namwelewa, lakini yeye havimbi midomo. Wewe unamlipa mwongozaji akuulizie kila sufuria lina nini. Njia ungeiona mwenyewe.

MwanaKigoma:
Mawese! Watu wa Pwani mtaumwa tumbo siku ya kwanza, sisi wa ziwani tutakula kama nyumbani 😂. Wenyewe wanayaita dendê, neno la Kimbundu cha Angola, lilivuka bahari na watumwa. Serious kidogo: mama aanze na kipande, asimalize zima siku ya kwanza.

Kidomodomo:
Mimi napingana na Baharia. Nililipia matembezi ya namna hiyo Salvador, kampuni siitaji. Tulikuwa kumi na wanne, mwongozaji kasimama mbele anaongea na wawili wa karibu, sisi wa nyuma tukawa tunakimbizana na mgongo wake. Nilimwandikia mapema kuwa nguruwe sili. Kituo cha tatu nikapewa bakuli la feijoada, mchuzi wa maharage, imejaa soseji na masikio ya nguruwe. Akaniambia niyatoe pembeni. Niyatoe pembeni! Mama yako na goti lake ataachwa kwenye kona ya kwanza.

BahariaMstaafu:
Kumi na wanne ni msafara wa harusi. Mimi nasema wa watu wawili tu, wa kukodi peke yenu. Ni ghali zaidi, sibishi.

FundiRamani:
Kuhusu goti. Mji umegawanyika, wa juu na wa chini, katikati kuna lifti ya Lacerda, ipo tangu 1873, mnara wake una kimo cha mita kama 72. Kwa hiyo mlima mkubwa mama haupandi. Tabu ni mitaa ya juu. Anzieni uwanja wa Terreiro de Jesus, pale ni tambarare na wakaangaji wapo. Uwanja wa Pelourinho wenyewe umeinama kama paa, mawe hayalingani, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Mkitaka mtaa wa Santo Antônio kuna mteremko wa Carmo wa kuupanda. Huo pandeni teksi, msione aibu. Jioni nendeni mtaa wa Rio Vermelho kwa gari, uwanja wa Largo de Santana au Largo da Mariquita: unakaa kitini, wakaangaji wako mbele yako.

Na asubuhi moja mpeleke soko la São Joaquim, mji wa chini. Chupa za mawese zimepangwa, unga wa muhogo kwa magunia, kamba wakavu milima (wewe pita mbali). Mama muuza bajia atafurahi huko kuliko kanisa lolote.

BintiNgamiani:
Asanteni sana. Naona nitakodi wetu peke yetu kwa masaa mawili, Terreiro de Jesus tu, mengine teksi. Kidomodomo, pole kwa masikio.

BahariaMstaafu:
Vizuri. Kariri hii: "Tenho alergia a camarão", nina mzio wa kamba. Iandike na kwenye karatasi, umpe mwongozaji kabla hamjaanza, siyo kituo cha tatu. Na mkaangaji akikuuliza "quente?" usidhani anauliza kama unataka ya moto. Anauliza pilipili. Mimi niliitikia kwa furaha, nikalia mbele ya mabaharia wenzangu.

Mwambie mama pia kwamba ile kazi ya wale wanawake serikali ya Brazil iliisajili kuwa urithi wa taifa mwaka 2005.

BintiNgamiani:
Nimemsomea. Urithi hajaujali. Anauliza hamira wanaweka?

BahariaMstaafu:
Hawaweki. Wanaupiga ule rojo kwa mwiko wa mti mpaka ujae hewa, ndipo wanakaanga.

BintiNgamiani:
Anasema alijua. Alikuwa anakupima kama kweli ulifika.